Pikapu Inakunywa Mafuta Barabara Kuu: Lini ni Difu, Lini Siyo

Siku hizi mtu akileta pikapu akilalamika kuwa inakunywa mafuta, jibu anakuwa nalo tayari mfukoni: difu, lile boksi la meno la kwenye ekseli linalopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Kaambiwa na dereva mwenzake pale stendi ya Kange kwamba gari lake lina "difu ya mzigo", aitoe aweke ya mbio, mafuta yatashuka nusu. Nusu! Ingekuwa rahisi hivyo, wabeba machungwa wote wa Muheza wangeshabadilisha zamani.

Difu inahusika, sikatai. Ila kwa magari yanayopita mikononi mwetu hapa Ngamiani, Tanga, difu ikionekana ndiyo mwizi, karibu kila mara kuna mtu aliwahi kuibadilisha na mwenye gari hana habari. Gari lenye difu yake ya kiwandani na saizi yake ya matairi halianzi ghafla kula mafuta mwaka huu kwa sababu ya difu. Meno ya chuma hayaongezeki usiku. Kwa hiyo dalili hizi nimezipanga kama tunavyozisikia, na chini ya kila moja sababu inayotokea zaidi ndiyo ya kwanza.

Namba ya difu ni nini

Ndani ya difu kuna krauni, lile gurudumu kubwa la meno, na pinyoni ndogo inayoendeshwa na propela, ule mhimili mrefu unaotoka kwenye gia boksi. Gawa meno ya krauni kwa meno ya pinyoni, umepata namba ya difu. Meno 41 kwa 10 ni 4.100. Meno 41 kwa 9 ni 4.556. Meno 39 kwa 8 ni 4.875. Meno 43 kwa 12 ni 3.583. Maana ya 4.100 ni kwamba propela inazunguka mara nne na moja ya kumi ili tairi lizunguke mara moja. Namba kubwa ni difu ya nguvu: gari linaondoka na mzigo bila kuhangaika, lakini injini inazunguka zaidi kwa kila kilomita. Namba ndogo ni ya mbio: injini inapumzika, mlima unakuadhibu.

Hesabu yake haihitaji shule. Chukua mwendo kwa kilomita za saa, zidisha kwa 16.67, gawa kwa mzingo wa tairi kwa mita, zidisha kwa uwiano wa gia uliyopo, zidisha kwa namba ya difu. Unapata mizunguko ya injini kwa dakika, yaani RPM. Tuchukue pikapu yenye matairi ya 205R16, mzingo kama mita 2.33, na gia ya tano yenye uwiano wa 0.85. Kwa mwendo wa 100, difu ya 3.583 inazungusha injini kama mara 2,180, ya 4.100 kama 2,490, ya 4.556 kama 2,770, ya 4.875 kama 2,960. Kutoka 4.100 kwenda 4.875 ni karibu mizunguko 470 zaidi kila dakika, yaani asilimia 19.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Mizunguko ikipanda asilimia 19, mafuta hayapandi asilimia 19. Kazi kubwa ya injini barabara kuu ni kuusukuma upepo na kuyabingirisha matairi, na kazi hiyo ni ileile uwe na difu yoyote. Kinachoongezeka ni msuguano wa ndani ya injini yenyewe: pistoni, beringi, pampu ya oili, na kwa injini ya petroli ule ugumu wa kuvuta hewa kupitia kijimlango kilichofunguka kidogo tu. Hicho ni kipande cha bili, siyo bili yote. Ongezeko utaliona, lakini anayekuahidi nusu anakuuzia difu.

Kabla ya dalili yoyote: kilomita zako ni za kweli?

Jaza tanki mpaka pampu ikate yenyewe, usiongeze hata tone. Safiri angalau kilomita 150, rudi kituo kilekile, pampu ileile, jaza tena mpaka ikate. Lita ulizojaza mara ya pili ndizo ulizotumia. Kupima kwa mshale wa dashibodi ni kubahatisha, na kupima kwa shilingi ni kubaya zaidi, maana bei za mafuta zinazotangazwa na EWURA, mamlaka ya nishati na maji, zinabadilika kila Jumatano ya kwanza ya mwezi; elfu hamsini ya mwezi huu huenda siyo ile ya mwezi uliopita.

Kilomita zichukue kwenye simu, kwa ramani, usizichukue kwenye dashibodi. Nitaeleza kwa nini kwenye dalili ya tatu, na ukisoma dalili moja tu basi soma hiyo.

Na pima kwenda na kurudi. Msimu wa upepo wa kusi, pikapu ikitoka Tanga kwenda Horohoro inasukumwa mgongoni, ikirudi inapigwa kifuani. Ukipima upande mmoja tu utalisifu gari asubuhi na kulilaani jioni.

Dalili ya kwanza: injini inalia gia ya mwisho, RPM ziko juu

Huyu ni dereva anayesema, "Nikifika 90 natafuta gia ya sita na haipo." Fanya hesabu ya hapo juu kwanza, kwa tairi lako na gia yako. Usipojua mzingo wa tairi, chora chaki kwenye tairi na chini, sogeza gari mpaka chaki irudi chini mzunguko mmoja kamili, pima kwa futi ya kamba. Kisha linganisha na geji ya RPM huku mwendo ukiusoma kwenye simu ya abiria, siyo yako.

RPM za geji zikilingana na za hesabu kwa difu ya kiwandani, hakuna ugonjwa. Gari limezaliwa hivyo. Pikapu nyingi za kazi zilipewa difu ya nguvu makusudi kwa sababu ya mzigo, na kelele ya mizunguko 2,900 kwa injini ndogo ya petroli ni hali yake ya kawaida.

Zikiwa juu kuliko hesabu, angalia hivi:

Gari la otomatiki, taa ya O/D OFF imewaka kwenye dashibodi. Usicheke. Kitufe kiko pembeni ya mkono wa gia, goti la abiria au mfuko wa karanga unakibonyeza, na gari linakwenda mpaka Segera bila gia ya juu. Kibonyeze tena, taa izime, RPM zishuke.

Matairi madogo kuliko ya kiwandani, kama hesabu uliipiga kwa saizi ya kiwandani. Saizi sahihi imeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Mtu akitoa 205R16 na kuweka rimu za inchi 14 zenye 195R14 kwa sababu alizipata rahisi, mzingo unashuka kutoka 2.33 hadi kama 2.12. Hiyo ni asilimia tisa, na kwa injini ni sawa na kuipandisha difu kutoka 4.100 hadi karibu 4.5 bila kushika spana.

Klachi inateleza. Ingia gia ya mwisho kwenye vilima vya baada ya Muheza, kanyaga mafuta. RPM zikiruka na mwendo ukabaki palepale, na pengine harufu kama ya kamba inayoungua ikaja, umeipata. Difu ina uwiano wa meno, haiwezi kuteleza. RPM zinazopanda na kushuka bila mwendo kufuata zinatoka kwenye klachi, au ndani ya gia boksi ya otomatiki. Klachi inayoteleza usiisukume mpaka Dar. Inaunguza na flaiwili.

Kwa otomatiki tena: konventa, kile kiungo cha oili kati ya injini na gia boksi, haifungi. Gari likiwa sawa, ukitulia mwendo mmoja wa 80 au zaidi na injini imeshapata joto, kuna kushuka kidogo kwa RPM kunakofuata baada ya gia ya mwisho kuingia, kama gia ya ziada. Ukigusa breki kwa mbali sana, RPM zinapanda kidogo. Kama hushuhudii lolote kati ya hayo, mpelekee fundi wa otomatiki mwenye mashine ya kusoma makosa. Kugusa breki huko kufanye barabara ikiwa tupu nyuma yako.

Mwisho kabisa, difu imebadilishwa. Ndiyo nakuja kwake.

Namna ya kujua una difu namba ngapi

Karibu na injini au kwenye mwili wa gari kuna kibati chenye namba za modeli, na humo kuna mstari wa gia boksi na ekseli. Herufi zile ni msimbo; muuza spea mzuri anausoma. Lakini kibati kinasema gari lilivyotoka kiwandani. Hakijui ekseli ya mtumba iliyofungwa baada ya ile ya kwanza kufa. Kwa hiyo hesabu kwa macho.

Gari likae sehemu ya simiti, sawa. Magurudumu ya mbele yazuie kwa magogo au mawe, mbele na nyuma. Gia iwe fri, na kama ni fowili (inayovuta magurudumu manne), iwe kwenye tuwili (mawili ya nyuma tu). Inua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, weka stendi ya chuma chini ya ekseli, halafu ndipo uachie handibreki. Jeki peke yake haibebi gari ambalo mtu yuko chini yake. Na kwa kuwa handibreki imeachiwa na gia haipo, mawe yale ya mbele ndiyo yanayokushikia roho. Huna stendi, basi usifanye hili, lipeleke gereji.

Chora chaki kwenye propela na nyingine kwenye tairi. Mwenzako azungushe tairi mizunguko 20 kamili, wewe hesabu propela. Gawa kwa 10. Kwa nini kumi na siyo ishirini? Kwa sababu gurudumu la upande wa pili liko chini halizunguki, na difu ya kawaida hugawanya: tairi moja likizunguka mara mbili, krauni inazunguka mara moja. Propela ikizunguka 41, una 4.100. Ikizunguka 45 na nusu, una 4.556. Ikikaribia 49, una 4.875. Nimeona kijana kasahau kugawa vizuri akamwambia mteja ana difu ya 2.05. Difu ya lori la mbio za anga.

Tairi likigoma kuzunguka upande mmoja ukiwa chini, huenda difu ni ile inayojifunga yenyewe kupunguza utelezi. Hapo inua pande zote mbili, stendi mbili, zungusha mara 10, na gawa kwa 10.

Dalili ya pili: RPM ni za kawaida, lakini mafuta yanakwisha

Hii ndiyo dalili ya watu wengi zaidi, na difu haimo. RPM zikilingana na hesabu, funga mjadala wa difu, nenda kwenye haya.

Mwendo. Upinzani wa upepo hupanda kwa mraba wa mwendo: kutoka 80 kwenda 100 unaongezeka asilimia 56 kwa kila kilomita. Hakuna difu duniani inayofidia hiyo. Dereva anayelalamika mafuta wakati anapita Segera na 120 anajilalamikia mguu.

Upepo wa tairi, upime asubuhi tairi likiwa baridi, namba ziko kwenye kibandiko kilekile cha mlangoni. Kuna namba za mzigo na za bila mzigo.

Keria na turubai. Turubai lililolegea linapigapiga kama tanga la ngalawa, na kila pigo umelilipia. Likaze, au likunje kama bodi ni tupu.

Breki zinazoshika. Kwetu pwani hili ni kubwa kuliko kwingine. Pikapu inayoshusha mashua ufukweni au kubeba samaki wa soko la Deep Sea na maji yao ya chumvi yanayovuja, pini za kalipa zinashika kutu, breki haiachii. Endesha kilomita kumi bila kufunga breki sana, simama, sogeza mgongo wa mkono karibu na kila rimu bila kuigusa. Moja ikiwa na joto la pasi na nyingine ni vuguvugu, umempata mwizi. Ikishafika hatua ya harufu au moshi, usimwagie maji. Simamisha gari lipoe lenyewe, ita fundi hapo ulipo.

Ea klina iliyoziba, plagi zilizoisha, nozeli zinazovuja, thamostati iliyotolewa na fundi "ili gari lisichemshe" halafu injini haipati joto lake: haya ni ya gereji ya kawaida. Moshi mweusi kwa dizeli unaokufuata mpaka Pongwe unatosha kukwambia uanze hapa.

Dalili ya tatu: dashibodi na simu havikubaliani

Hii naipenda kwa sababu inageuza hesabu zote juu chini.

Pikapu nyingi za zamani huchukua spidi kwenye gia boksi au kwenye transfa (boksi la fowili linalogawa nguvu mbele na nyuma), yaani kabla ya difu. Geji inahesabu propela, na kwa akili yake inaamini difu bado ni ya kiwandani. Sasa fundi aliyetangulia alitoa difu ya 4.100 akaweka ya 4.875. Propela inazunguka asilimia 19 zaidi kwa barabara ileile. Tanga hadi Segera ni kama kilomita 75. Dashibodi itakuandikia karibu 89. Ukitumia lita 9, utajihesabia kilomita 9.9 kwa lita na kumsimulia kila mtu kijiweni. Ukweli ni 8.3. Gari linakula zaidi, na hesabu inakuambia linakula kidogo.

Matairi makubwa yanafanya kinyume. Toa 205R16 weka 265/70R16, mzingo unapanda hadi kama mita 2.44, asilimia nne na nusu hivi. Dashibodi inaandika kilomita pungufu ya ulizokwenda, na wewe unaona mafuta yamepanda tangu ununue matairi. Sehemu ya kupanda huko ni ya kweli, maana matairi hayo ni mapana na mazito. Sehemu ni uongo wa geji. Na kwa kuwa unakwenda kasi kuliko inavyoonyesha, trafiki mwenye tochi ya kupima mwendo kwenye kibao cha 50 hatasikiliza hadithi ya matairi.

Uchunguzi: tulia mwendo mmoja kwenye sehemu iliyonyooka, abiria asome simu. Geji nyingi za kiwandani husoma juu ya ukweli kwa kidogo. Tofauti ya kilomita tatu au nne ukiwa 80 isikusumbue. Geji ikisema 95 na simu 80, difu au matairi yamebadilishwa, na tofauti hiyo ya asilimia 19 inakutajia karibu namba yenyewe. Geji ikisoma chini ya simu, shuku matairi makubwa au difu ya namba ndogo.

Kwa gari jipya zaidi, spidi inasomwa kwenye sensa za magurudumu, kwa hiyo difu ikibadilishwa dashibodi inabaki mkweli. Huko utaiona kwa RPM peke yake.

Tiba ya spidi kwa gari la kebo ni gia ndogo ya plastiki inayoingia kwenye gia boksi. Huuzwa zenye meno tofauti, na ni kazi ya nusu saa kwa fundi anayejua.

Dalili ya nne: RPM zimeshuka, lakini gari halivuti na mafuta hayakupungua

Huyu tayari ameshabadilisha. Kaweka difu ya mbio, au kaweka matairi ya inchi 31 kwa ajili ya sura. Inchi 31 kwa difu ya 4.100 ni kama umeshusha difu hadi 3.87. Anakuja ananung'unika kwamba ameibiwa.

Sababu ya kwanza ni barabara yetu. Difu ya mbio inalipa ukikaa kwenye mwendo mmoja saa nzima. Kutoka Tanga, unakutana na vibao vya 50 Pongwe, Muheza, Hale, na kila kijiji kinachojiheshimu. Kwa mwendo wa 50, gia ya tano, difu ya 4.100 inakupa kama mizunguko 1,245, dizeli inavumilia. Difu ya 3.583 inakupa kama 1,090, injini inatetemeka, unarudi gia ya nne, na gia ya nne yenye uwiano wa moja inakupa 1,280. Umenunua difu ili urudi ulipokuwa. Halafu kila kibao kikiisha unaanza kuongeza mwendo upya, na hapo difu ya nguvu ndiyo ingekusaidia.

Ya pili ni mzigo. Tani moja ya machungwa, kilima, gia ya tano haikai. Dereva anacheza kati ya nne na tatu. Kila akirudi gia, uwiano wa jumla unapanda kupita hata ule wa difu ya zamani. Na akikaidi akang'ang'ania gia ya tano kwa mguu mpaka chini, injini inagonga, joto linapanda, dizeli inatoa moshi mweusi: mafuta yanayopita bila kuungua vizuri.

Kwa anayepanda Mombo kwenda Lushoto, kilomita zaidi ya 30 za kona na mlima, naongeza onyo. Difu ya namba ndogo hupunguza pia nguvu ya injini kulishika gari ukishuka. Breki zitabeba kazi hiyo, zitapata joto, kanyagio litaanza kuzama. Shuka gia moja chini kuliko ulivyozoea. Kanyagio likizama, tafuta pa kusimama mara moja, usisubiri kona ifuatayo.

Tiba: rudisha matairi ya saizi yako kwanza, ni rahisi kuliko difu. Kama safari zako ni za mzigo au za Lushoto, rudisha na difu. Difu ya mbio niliyoona ikimfaa mtu ni kwa yule anayekwenda Dar mara tatu kwa wiki na bodi tupu au vifurushi vyepesi, kilomita kama 350 kila upande, mguu wake umetulia. Hata huyo alipiga hesabu kwanza: bei ya ekseli nzima ya mtumba, ufundi, oili, na gia ya spidi, agawe kwa akiba ya kila safari. Ilimchukua muda mrefu kurudisha hela, na yeye anasafiri kuliko wewe.

Dalili ya tano: fowili inagoma, inaruka, usukani unakaza

Pikapu ya fowili ina difu mbili, na lazima namba zilingane. Fundi akibadilisha ya nyuma peke yake kwa sababu ndiyo iliyokufa, barabarani kwenye tuwili hutajua lolote. Siku ukikwama kwenye tope ukaingiza fowili, magurudumu ya mbele na ya nyuma yanataka kwenda mwendo tofauti huku transfa imeyafunga pamoja.

Kabla ya kulaumu difu: je, uliingiza fowili kwenye lami kavu? Kukaza kwenye kona za lami ni kawaida hata kwa gari zima, ndiyo maana hairuhusiwi. Je, matairi ya mbele na nyuma ni saizi moja, yameisha sawa? Vikiwa sawa vyote, hesabu difu ya nyuma kama nilivyoeleza, kisha mbele kwa namna hiyohiyo, lakini sasa mawe yawe nyuma na habu za mbele, vile vifungio vya katikati ya magurudumu, ziwe zimefungwa.

Namba zikitofautiana, usiingize fowili tena hata mara moja, hata mchangani. Na kama gari lako ni lile ambalo fowili haitoki, magurudumu yote yanavuta muda wote, usiliendeshe kabisa. Livutwe kwa gari la kubeba, siyo kwa kamba.

Dalili ya sita: difu inalia baada ya kubadilishwa

Kulia kwa difu kunafuata mwendo na mguu. Inalia ukikanyaga mafuta na kunyamaza ukiachia, au kinyume chake: ni krauni na pinyoni hazikukaa sawa. Inaunguruma mfululizo bila kujali mguu: beringi, mara nyingine beringi ya gurudumu na siyo difu kabisa, na ukiyumbisha gari kushoto na kulia mlio utabadilika. Mgongano mmoja wa "tang" ukiingiza gia ni krosi za propela mara nyingi.

Cha kuangalia wewe mwenyewe ni oili. Fungua kwanza boliti ya kujazia, kabla ya ile ya kumwaga; nimeona watu wamemwaga oili halafu boliti ya juu ikakataa kufunguka. Oili inatakiwa ifike usawa wa tundu. Difu hizi zinataka oili ya difu, 80W-90 yenye alama ya GL-5, na ile inayojifunga yenyewe ina oili yake maalumu. Oili ya injini humo ni kuua difu polepole. Ikitoka kama chai ya maziwa, maji yameingia: gari lilizama ufukweni au mtoni, difu ya moto ikapoa ghafla ikavuta maji kupitia tundu lake la kupumulia. Badilisha oili, safari fupi, badilisha tena, na zibua bomba la kupumulia.

Baada ya hapo, weka spana chini. Krauni na pinyoni zinauzwa pacha na zinakaa pacha. Kuchanganya krauni ya difu moja na pinyoni ya nyingine ni kununua mlio. Zinapangwa kwa shimu, vibati vyembamba vya kurekebisha nafasi, na kupimwa kwa geji ya saa, na uchezaji wa meno yake ni sehemu ndogo ya milimita, kwa difu nyingi za Toyota kati ya 0.13 na 0.18. Fundi anayesema ataipima kwa kidole, mshukuru, ondoka.

Na simamisha gari palepale, uite mtu, ukiona mojawapo: oili ya difu inarukia ndani ya gurudumu na breki, vipande vya chuma kwenye boliti ya kumwagia vinavyoshikika kwa kucha (unga laini wa kijivu ni wa kawaida), hausingi ya difu inayotoa moshi, au mlio ulioanza kama mluzi Hale na kuwa mgongano ulipofika Segera. Difu ikikwama kabisa ukiwa na 80, magurudumu ya nyuma yanasimama papo hapo.